Gari la umeme la kampuni hii, chaja ya kasi ya kampuni ile: kipi kinakubali, kipi kinagoma (Arusha na Moshi)

#1 Volti400

Wakuu, kuna swali linajirudia kila mara kwenye magrupu: "Pale pana chaja ya DC (ya kasi) imefungwa kwa ajili ya magari ya kampuni fulani. Leaf itachaji? Gari la Kichina je?" Majibu huwa mawili tu, "linachaji" au "halichaji", na yote yanapotosha. Tuliweke hapa, mwenye kuongeza aongeze, mwenye kusahihisha asahihishe.

Ili gari lipokee umeme wa kasi kwenye mtandao usio wake, vitu vinne lazima vikubaliane: umbo la plagi, lugha ambayo gari na chaja vinaongea, volti na ampea, halafu ruhusa ya mwenye chaja. Watu wengi wanaangalia umbo tu, wakiona limeingia wanashangilia.

Tuanze na umbo maana ndilo jepesi. CHAdeMO, Type 1, Type 2, GB/T na CCS2 ni majina ya aina za plagi; AC ni umeme wa kawaida kama wa nyumbani, DC ni ule wa chaja za kasi. Nissan Leaf (za vizazi viwili vya mwanzo, ndizo tunazozizungumzia uzi mzima), Mitsubishi Outlander PHEV na i-MiEV za Japani zina CHAdeMO kwa DC na Type 1 kwa AC. Leaf za Uingereza za toleo la 2018 kuendelea zina Type 2 upande wa AC, ila DC ni CHAdeMO ile ile. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T, matundu mawili mbalimbali: la AC pini 7, la DC pini 9. Magari ya soko la Ulaya, pamoja na ya Kichina yaliyotengenezwa kuuzwa nje, mengi yana CCS2.

Msidanganyike na jina la gari kwenye tangazo. BYD Yuan Plus ya China inakuja na GB/T. Gari hilo hilo likiuzwa nje kwa jina la Atto 3 mara nyingi linakuja na CCS2. Kabla hujatuma hela omba picha ya tundu likiwa wazi, siyo picha ya bampa na rimu. Na tundu la AC la GB/T ukilitupia jicho linafanana kabisa na Type 2, ila dume na jike vimebadilishana. Usilazimishe, utapinda pini.

#2 Mangi wa Himo

Sasa mkuu si adapta zipo? Mtu anaagiza mtandaoni, ikifika anachomeka, safari inaendelea. Mbona tunakuza mambo?

#3 Kontakta

Mangi, kwa AC nakubaliana nawe. Kwa DC hapana, na tofauti yenyewe ndiyo kiini cha uzi huu.

Kwenye AC, chaja halisi imo ndani ya gari. Lile boksi la ukutani ni swichi yenye akili kidogo: linaliambia gari "usizidishe ampea kadhaa" kupitia waya wa CP (wa mawasiliano), basi. Linatuma mawimbi ya volti 12, na asilimia ya muda ambao wimbi liko juu ukizidisha kwa 0.6 unapata ampea. Asilimia 10 ni ampea 6, asilimia 53 ni kama ampea 32. Type 1, Type 2 na GB/T zote zinaufahamu mtindo huo, kwa hiyo adapta ya AC ni waya, plastiki na resista. Haina cha kuharibika zaidi ya joto.

Angalizo moja kwenye hizo resista. Kebo ya Type 2 ina resista inayotangaza uwezo wake: omu 1,500 ni ampea 13, omu 680 ni ampea 20, omu 220 ni ampea 32. Kebo za bei chee huwa zimewekewa ya omu 220 wakati waya wa ndani ni mm² 2.5. Chaja inaamini ni kebo ya ampea 32, inaachia, na plagi inaanza kunuka baada ya nusu saa. Kebo ya ampea 32 uzito wake unausikia mkononi. Ikiwa nyepesi kama ya pasi, irudishe.

DC ni mambo mengine. Pale chaja inaruka ile ya ndani ya gari na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye betri, hivyo gari na chaja lazima viongee muda wote: betri ina volti ngapi, inataka ampea ngapi sasa hivi, ina joto gani, tusimame lini. CHAdeMO na GB/T zinaongea kwa CAN (mfumo wa mawasiliano wa ndani ya magari), ya kwanza kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, ya pili 250, na maneno yake hayafanani. CCS haitumii CAN kabisa. Inapitisha data juu ya ule ule waya wa CP kwa teknolojia inayoitwa HomePlug Green PHY, na wimbi la asilimia 5 ndilo linaloliambia gari kwamba hapa tunaongea kidijitali.

Kwa hiyo adapta ya kutoka CCS2 kwenda CHAdeMO, au kutoka CCS2 kwenda GB/T, ni kompyuta. Ndani ina modemu ya upande wa CCS, kidhibiti cha CAN upande wa gari, na betri yake ndogo. Ndiyo maana bei yake ni mamia ya dola. Ukiona ya DC inauzwa bei ya chaji ya simu, hiyo ni plastiki yenye shaba ndani.

#4 Dada Tengeru

Kaka Kontakta, hiyo betri ndogo ya ndani ya adapta ni ya nini wakati chaja yenyewe imejaa umeme?

#5 Kontakta

Swali zuri dada. Kwenye GB/T chaja inatakiwa kulipatia gari volti 12 kupitia pini za A+ na A− ili kompyuta ya betri iamke. CHAdeMO nayo ina nyaya za volti 12 za kuanzisha na kusimamisha. Chaja ya CCS2 haitoi volti 12 popote, kwa hiyo adapta inazitoa mfukoni mwake. Betri hiyo ikiwa imekufa, gari linabaki kimya, skrini ya chaja inaandika hitilafu ya mawasiliano, na mtu anaondoka akiilaumu chaja. Ichaji kwa USB kabla ya kutoka nyumbani, hasa ikiwa imekaa miezi kwenye buti.

Pili, mwelekeo. Kuna adapta ya chaja CCS2 kwenda gari GB/T, na kuna ya chaja GB/T kwenda gari CCS2. Kwenye picha za wauzaji zinafanana, na wengine wanaandika majina kinyumenyume. Muulize muuzaji hivi: "Upande unaoingia kwenye gari ni upi?" Asipojibu kwa picha, achana naye.

Tatu, na hapa ndipo adapta nyingi zinakwama. Kwenye CCS, kabla gari halijafunga kontakta zake (swichi kubwa za betri), chaja inapandisha volti hadi ilingane na ya betri, tofauti isizidi volti 20. Bila hivyo kontakta zinafungwa kwa cheche na zinaweza kugandana. CHAdeMO haina hatua hiyo kwa namna ile ile, hivyo adapta iko katikati ikiigiza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Muda ukipita au volti ikikosewa, chaja inakata. Ndiyo sababu adapta ile ile inakubali kwenye chaja ya mtengenezaji mmoja na kugoma kwenye ya mwingine, hata kama zote zimeandikwa CCS2. Dawa yake ni programu mpya ya adapta, inayowekwa kwa USB. Nunua yenye mtengenezaji anayetoa masasisho, na usome yanataja chaja za aina gani.

#6 Volti400

Hapo umegusa penyewe. Mimi naenda kwenye volti na ampea maana hapo ndipo watu wanalia "chaja ya kW 60 inanipa 30".

Kila chaja ina kibati cha chuma au stika ubavuni. Tafuta mistari mitatu: volti za DC kuanzia ngapi hadi ngapi, ampea za juu, na kilowati. Nguvu utakayopata ni ndogo kuliko zote kati ya hizi: kilowati za kibati, volti ya betri yako mara ampea za chaja, ampea za adapta, na kile gari linachokubali.

Mfano. Kibati: kW 60, volti 200 hadi 1000, ampea 150. Betri ya Leaf ikiwa katikati ina volti 370 hivi. 370 mara 150 ni kW 55.5. Adapta ya ampea 125 inashusha hadi kW 46. Leaf yenye betri ya kWh 40 yenyewe haivuki sana hapo, kwa hiyo adapta haijakupunja. Ila gari likifika asilimia 60 na kuendelea linapunguza lenyewe, na hakuna chaja duniani itakayolilazimisha.

Chaja za vichwa viwili zina mtego wake. Imeandikwa kW 120, lakini jirani akichomeka mnagawana, 60 kwa 60.

Kuna pia magari ya volti kubwa. Ioniq 5 na EV6 betri zake zinakaribia volti 700. Chaja za zamani zinaishia volti 500. Hyundai na Kia wametumia mota na inveta ya gari lenyewe kupandisha volti, hivyo yanachaji, ila polepole kuliko yanavyosifiwa. Porsche Taycan za miaka ya mwanzo zina kifaa chake cha kupandisha: cha kawaida kinaruhusu kW 50 kwenye chaja za volti 400, cha kulipia zaidi kW 150. Gari la volti 800 lisilo na kifaa hicho, kwenye chaja ya volti 500 halichaji kabisa, hata plagi ikae kama imezaliwa pale.

#7 Chalii wa Njiro

Nimesoma Tesla wamefungua Supercharger zao (chaja zao za kasi) kwa magari mengine. Si ina maana huko mbele kila chaja itakubali kila gari?

#8 Volti400

Ufunguzi ule unafundisha, lakini siyo hivyo unavyodhani. Ulaya walianza Novemba 2021 na vituo 10 Uholanzi. Ilikuwa rahisi kwa sababu vituo vyao vya huko tayari vilikuwa na CCS2; kilichobaki ni programu na malipo kwa simu. Marekani ilikuwa shida zaidi. Ford walitangaza makubaliano Mei 2023, GM wakafuata Juni, na magari ya Ford yakaanza kuchaji mapema 2024 kwa adapta. Adapta hiyo haina kompyuta ndani, kwa sababu chaja za kizazi cha tatu, V3, zinaongea lugha ya CCS. Za kizazi cha pili, V2, zinaongea CAN ya Tesla peke yake, na kule gari la Ford halichaji mpaka leo. Kampuni moja, plagi moja, jibu tofauti kwa sababu ya lugha.

Halafu kuna jambo la kuchekesha: urefu wa kebo. Kebo za V3 ni fupi kwa sababu tundu la Tesla liko nyuma kushoto. Gari lenye tundu pua au ubavu wa mbele linalazimika kuegesha vibaya na kuziba nafasi mbili. Mwenye hoteli huku anayetaka kufunga chaja aipangie kebo ya mita 5. Leaf tundu lake liko puani.

#9 Sombetini Fezi Tatu

Wakuu mnaongea kama umeme wa chaja unatoka mbinguni. Tushuke kwenye nguzo.

Chaja ya kW 60 ikifanya kazi kikamilifu inavuta kama kVA 63 (kVA ni kipimo cha mzigo wa umeme, kama wa transfoma), yaani ampea 91 kwa kila fezi kwenye volti 400. Transfoma ya kVA 100 ya mtaa yenye nyumba, saluni na mashine ya kusaga haitavumilia hiyo saa moja usiku. Chaja nyingi zinakubali volti 400 pungufu au zaidi kwa asilimia 10, maana yake chini ya volti 360 kati ya fezi na fezi zinakata au zinapunguza. Kwa hiyo chaja iliyokubali saa nne asubuhi inaweza kugoma saa mbili usiku, na adapta yako haina kosa lolote. Kabla ya kulaumu mtandao, muombe mlinzi au fundi wa pale akusomee volti kwenye skrini.

Na suala la ruhusa, ambalo Volti400 amelitaja akalipita, mara nyingi ni hesabu ya bili. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA (mdhibiti wa nishati) 2016, mteja wa T1 (wa matumizi ya kawaida) analipa Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi. Mteja wa T2, kama hoteli kubwa inayovuka uniti 7,500 kwa mwezi, analipa Sh 195 kwa uniti, lakini pia Sh 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko yote mwezi huo. Piga: kVA 63 mara 15,004 ni karibu Sh 945,000. Gari moja la mgeni likichaji kwa nguvu zote wakati jiko na mashine za kufulia zinafanya kazi, linaweza kuongeza kiasi hicho kwenye bili ya mwezi mzima, hata kama limechukua uniti 20 tu. Ndiyo maana wengine wanaifunga chaja kwa magari yao, au wanaipunguza hadi kW 30 kwenye mipangilio. Siyo roho mbaya. Ukimwomba uchaji saa tano usiku, jibu linaweza kubadilika.

#10 Dada Tengeru

Na malipo? Kadi ya mtandao mmoja inafanya kazi kwenye mwingine?

#11 Kontakta

Pale tu ambapo wenye mitandao wamekubaliana kupokeana wateja. Vinginevyo fungua akaunti kwenye kila programu ya simu, ukiwa nyumbani, siyo ukiwa kituoni na asilimia 6. Chaja nyingi zinategemea laini ya simu ndani yake. Mtandao wa simu ukilala, msimbo wa QR haisaidii, kadi ya kugusa wakati mwingine inasaidia kwa sababu chaja inaweza kuwa imehifadhi orodha ya kadi.

Kwa wenye adapta: kuna chaja zinazotambua gari lenyewe na kuanza bila kadi. Zinachotambua ni namba ya modemu. Ukipitia adapta, namba inayoonekana ni ya adapta. Ukimwazima rafiki adapta iliyosajiliwa kwenye akaunti yako, umemwazima na pochi.

#12 Mangi wa Himo

Sawa, nimenyoosha mikono kuhusu adapta. Ila niwaulize la barabarani: Leaf ya kWh 24 iliyochoka, Moshi hadi Arusha bila kusimama, inafika?

#13 Volti400

Tuhesabu, mangi. Kilomita 80 kwa mwendo wa 80, gari linakula kama kWh 0.16 kwa kilomita, ni kWh 12.8. Halafu kuna mlima. Kutoka Moshi kuja Arusha unapanda mita 550 hivi kwa jumla. Gari la kilo 1,600 pamoja na abiria: 1,600 mara 9.81 mara 550 ni megajuli 8.6, sawa na kWh 2.4. Weka upotevu wa mota, 2.7. Jumla 15.5.

Leaf ya 24 ikiwa mpya inatumia kWh 21 hivi. Ikiwa na afya ya asilimia 70 imebaki kama 15. Haifiki. Itakuzimikia kilomita chache kabla ya Arusha, pamoja na taa zote za onyo. Kushuka Arusha kwenda Moshi inafika, maana mteremko unakurudishia sehemu ya zile 2.4. Leaf ya kWh 40 yenye afya ya asilimia 80 inafika pande zote mbili na akiba inabaki.

Kwa hiyo mwenye ya 24 anahitaji kWh 5 za nyongeza njiani, maeneo ya Bomang'ombe, KIA (uwanja wa ndege) au Usa River. Hizo kWh 5 kwa boksi la AC la ampea 16 ni saa moja na nusu. Huhitaji adapta ya mamia ya dola kwa ajili ya hilo.

Na joto: Leaf haina mfumo wa kupooza betri kwa maji. Januari na Februari Moshi, ukichaji kwa DC mchana, ukapanda kwa 100, ukataka kuchaji tena DC Arusha, gari litakushushia nguvu hadi nusu au chini zaidi. Chaja iko sawa, betri ndiyo inajikinga.

#14 Chalii wa Njiro

Kontakta tuwekee mtiririko wa kituoni basi, kwa mtu mwenye adapta ya DC kwa mara ya kwanza.

#15 Kontakta

1. Soma kibati: volti, ampea. Kama volti ya betri yako haimo, ondoka.
2. Kagua pini za kichwa cha chaja na za adapta. Weusi, kuyeyuka au kutu ya kijani, acha.
3. Gari lizimwe, liwe P. Washa adapta, subiri taa yake itulie.
4. Adapta kwenye kichwa cha chaja kwanza hadi isikike imejifunga, kisha kwenye gari. Kama karatasi ya adapta inasema kinyume, fuata karatasi.
5. Idhinisha malipo. Uchunguzi wa uvujaji wa umeme na kulinganisha volti vinachukua sekunde kadhaa, utasikia kontakta zinagonga. Usiguse kitu.
6. Dakika kumi za mwanzo gusa adapta. Vuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuweka kiganja, simamisha.
7. Kusimamisha ni kwa skrini, programu au gari. Subiri ampea zisome 0 na kufuli iachie, ndipo uchomoe.

Ikigoma mara ya kwanza, chomoa kote, zima adapta, subiri dakika moja, rudia mara moja tu. Ikigoma tena piga picha namba ya hitilafu, ndiyo itakayomsaidia fundi. Kitufe chekundu cha dharura ni cha dharura. Ukikitumia kusimamisha, chaja inabaki imefungwa hadi mwenye ufunguo aje, na anayefuata foleni atakuombea mabaya. Kufuli ya gari ikikwama, magari mengi yana kamba ya kuvuta ndani ya buti au chini ya boneti. Ijue iko wapi kabla.

Usiunganishe adapta mbili za DC mfululizo. Na usitumie adapta isiyo na kufuli: kichwa kikichomoka huku ampea 100 zinapita, kinachotokea ni moto wa umeme mkononi mwako.

#16 Sombetini Fezi Tatu

Naongezea kwa wanaonunua gari sasa. Kwa matumizi ya Arusha mjini, Usa na Moshi, boksi la AC la ampea 32 nyumbani lina faida kuliko adapta ya DC. Waya mm² 6 wa shaba ikiwa umbali siyo mrefu, breka ya ampea 40, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya aina B, au aina A kama boksi lina kigunduzi chake cha DC cha miliampea 6. Ardhi ipimwe, na ipimwe kiangazi, maana udongo ukikauka upinzani unapanda na boksi linaanza kukataa. Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani imeandikwa volti 200; tafuta ya 230. Soketi ya kawaida ya ampea 13 usiipeleke zaidi ya 10 kwa saa nyingi mfululizo.

Na msitegemee nguzo ya kuchajia ya AC ya kW 22. Hiyo ni fezi tatu. Leaf inatumia fezi moja, utapata 3.3 au 6.6 kulingana na toleo.

#17 Dada Tengeru

La mwisho kwangu: lodge yenye genereta ya kVA 20, mgeni anakuja na gari la umeme. Boksi la AC linaandika hitilafu ya ardhi kila likiwashwa kwa genereta, ila kwa TANESCO linakubali.

#18 Sombetini Fezi Tatu

Nyutro ya genereta inaelea, haijaunganishwa na ardhi. Boksi linapima, halioni ardhi, linakataa, na liko sahihi. Fundi mwenye leseni aunganishe nyutro na ardhi sehemu moja tu, kwenye genereta, na swichi ya kubadilishia iwe ya kukata nyutro pia, ili isigongane na ya TANESCO. Msizime ulinzi wa boksi ili likubali.

Halafu kVA 20 kwa fezi tatu ni ampea 29 kwa fezi. Boksi liwekwe ampea 16 zisizozidi, kwenye fezi isiyo na friji na pampu ya maji. Chaja ya DC kwenye genereta hiyo msiifikirie.